Lijamu ya Waya

Juzi, hapa Mombasa, nilimwona punda akitokwa povu mdomoni, nikakumbuka alasiri moja Kismayu. Baba aliuza maji kwa gari la punda, na punda wetu alikuwa na nguvu, hasimami kirahisi. Nilidhani ana kiburi.

"Mwanangu, chagua lijamu humo kapuni," Baba aliniambia.

Niliiacha ya mpira, nikachukua ya waya uliosokotwa, nikamtia punda mdomoni. Tulipofika njiani nilivuta hatamu, punda akasimama papo hapo, nami nikacheka. Kisha povu likawa jekundu, likinuka chuma. Sasa najua hakuwa na kiburi; alikuwa akisukumwa na uzito wa mapipa ya maji nyuma yake.

Jirani yetu aliyekuwa akipita akauliza, "Nani kamtia mnyama waya?"

"Ni mimi," Baba akajibu, akiifungua taratibu.

Nilikuwa nimesimama ubavuni pa Baba, hatamu bado mkononi mwangu.