Siku Nyapara Alipowashika Watoto

Katika zahanati ya shamba la kahawa nilikofanya kazi miaka ya tisini, nje kidogo ya Ruiru, kila mwanamke alikuwa "ameanguka". Ungedhani shamba zima limepakwa mafuta. Jicho limevimba: ameanguka. Mbavu zinauma: ameanguka. Nilikuwa nesi kijana mwenye mdomo, na siku moja nilimwuliza mmoja wao kama huwa anaangukia ngumi. Alicheka, kisha akalia.

Aliyeniudhi kuliko wote alikuwa nyapara wa wachumaji. Mkewe naye alichuma kahawa, na kila alipoumia, bwana alimsindikiza hadi ndani, akaketi katikati yetu na kujibu maswali yote. Hata nilipouliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, alijibu yeye, tena bila kufikiri. Mwanamke alitazama sakafu tu. Niliogopa kwamba siku moja ningeletewa maiti, na bado ningeambiwa ameanguka.

Asubuhi moja, kahawa ikiwa imeiva kweli kweli, walikuja tena. Kifundo cha mkono wa mke kilikuwa kimevimba vibaya, na alikuwa amepitishwa katikati ya mibuni wenzake wote wakiona. Niliwaambia wangoje kwenye benchi, huku nikiwaza nitampataje peke yake.

Benchi letu lilikuwa na desturi yake: mama akiinuka, aliyeketi karibu humshikia mtoto. Ukikataa mtoto wa mwenzio, shamba lote litasema una roho mbaya. Muda si muda wakaingia wachumaji kadhaa na watoto mgongoni, wakajibana hapo hapo. Hao ndio wale ambao nyapara angeweza kukataa kahawa yao jioni akidai ni mbichi.

Nilipomwita mke, bwana naye akainuka. Kabla hajasimama sawasawa, mama mmoja akamwekea mtoto kifuani.

"Baba, nishikie huyu kidogo, naenda choo."

Wa pili akamtua wake gotini. Cucu mmoja mzee akamkabidhi mjukuu. "Shika kichwa vizuri. Hiyo si debe."

Nikafunga mlango.

Mke aliongea bila kupumzika. "Ameanza kulala na panga chini ya kitanda. Sista, mimi nataka kwenda kwa mama, huko Theta." Mkono ulihitaji kupigwa picha Thika. Niliufunga kwa kibao na bendeji, nikamtoa kwa mlango wa nyuma hadi kwenye pikapu ya maziwa iliyosimama hapo kila asubuhi. Dereva wake aliogopa sindano zangu, kwa hivyo hakuuliza maswali. Angempeleka hospitali, kisha kwa mama yake.

Niliporudi, nyapara alikuwa amelowa mkojo hadi tumboni, na hakuthubutu kusogea.

"Bibi yangu ako wapi?"

"Anatibiwa," nikasema, na hapo hapakuwa na uongo.

Nilijiona mjanja ajabu. Nikatundika mizani ya watoto. "Haya, leteni watoto tuwapime."

Hakuna aliyeinuka. Cucu alimchukua mjukuu wake, akachungulia dirishani mahali pikapu ilipokuwa imesimama, akaninong'oneza, "Hawa tulipima wiki jana, sista. Leo tulikuja kushikiwa tu."