Siku Niliyokosa la Kumshukuru Mungu

Siku moja naikumbuka, mwanangu, tulikaa shambani tangu asubuhi hadi jua likazama, kwa sababu mimi nilikataa kumshukuru Mungu. Usicheke. Nilikuwa binti mdogo tu, nimeolewa huku milimani juu ya Kilosa, na mtoto wangu wa kwanza, Daudi, alikuwa kaburini.

Maji ya masika ndiyo yaliyomchukua. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa amemshika mkono wakivuka kijito kurudi kutoka kanisani, mafuriko yakashuka ghafla kutoka mlimani. Bibi akatoka, mtoto hakutoka. Tangu siku hiyo sikumwamkia yule mama. Hebu fikiri, mama mkwe anaingia jikoni asubuhi na shikamoo hapati! Mume wangu alinisihi, nikamjibu kwamba mama yake aliachia mkono, basi. Nilikuwa nangoja mavuno yaishe nirudi kwetu Zombo, nisionekane tena.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mahindi mapya hayakuliwa hivihivi. Siku ya unga wa kwanza, watu wote wa nyumba walikaa shambani kwenye mabua, kila mmoja akataja jambo ambalo Mungu alimtendea mwaka ule. Liwe jambo lake mwenyewe, si la kukariri. Mpaka wa mwisho aseme, moto hauwashwi.

Baba mkwe alisema lake. Mume wangu akasema lake. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Sina."

Baba mkwe alikuwa mwinjilisti, mtu mpole. "Tuombe tumalize," akasema. "Binti ana majonzi."

"Hapana," mama mkwe akasema. "Tutamngoja."

Lo! Yote niliyokuwa nimeyameza tangu masika yakanitoka. "Unangoja nini kwangu? Wewe mwenyewe una nini cha kushukuru? Wewe uliyemwachia mwanangu!"

Mume wangu akainuka aninyamazishe, mama yake akamzuia. Akaniangalia usoni.

"Nilimwachia," akasema. "Nikamwomba Mungu anichukue mimi, hakunichukua. Sielewi, Mama Daudi, na sina cha kukufariji. Lakini ni Mungu huyohuyo aliyenilelea watoto mwaka wa njaa, tulipokula mizizi ya porini, na hakufa hata mmoja. Nikiacha kuyataja yale nitabaki na kile kijito tu, usiku na mchana, nitakufa. Ndiyo maana nimekaa."

Tukakaa palepale. Jua likapanda, likatuchoma, likaanza kushuka. Njaa iliuma kwelikweli. Nami, kwa hasira tu, nikaanza kuupekua mwaka ule ili nimwoneshe kwamba hamna kitu. Nikafika masika. Nikafika asubuhi ile tulipokuwa tukimtafuta Daudi kando ya maji. Bondeni, huko Kilosa mjini, walikuwapo akina mama waliofukua matope hadi wakakata tamaa, na mpaka leo hawana kaburi la kulilia. Mimi wangu nilimkuta amenasa kwenye matete, uso wake mzima.

"Nilimpata," nikasema. "Nilimwosha mwenyewe, nikamvalisha shati lake. Namshukuru Mungu kwamba nilimpata."

Hapo mama mkwe akalia. Tangu mazishi hakuna aliyemwona akitoa chozi; nadhani alijiona hana haki ya kulia mbele yangu. Alilia kwa Kisagara, akimwita mjukuu wake, nami nikasogea nikamshika. Ugali tuliupika gizani. Uchungu haukwisha siku ile, nisikudanganye, na leo bado upo. Ila asubuhi nilimwamkia, na Zombo sikurudi tena.

Nakwambia haya kwa sababu nyinyi vijana mna haraka na Mungu. Mnaandika "Mungu ni mwema" kwenye simu, mnaweka vikopa vyekundu vya moyo, mnakwenda zenu. Msiba ukikukuta una maneno hayo tu, hayatakubeba. Tenga siku, mwanangu. Zima simu, kaa chini na watu wako, taja alichokutendea Bwana, kimoja kimoja, uwe umekiona kwa macho yako. Kama ni kidogo, taja hichohicho kidogo. Kama umemkasirikia, kaa na hasira zako hivyohivyo, Yeye hatakukimbia. Lakini usiondoke kabla hujasema.

Bwana akuepushe na maji niliyoyaona mimi. Na ikitokea yamekufikia, akupe la kusema, na akupe mtu wa kukungoja mpaka uliseme.