Ute wa Saa Sita Mchana

Mimi ni mtu wa kusafisha, na sioni aibu kusema. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Kivu ya Kusini, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na wamama wenzangu wa usafi, kuchungulia madumu ya watu na kuwaambia: maji yaliyolala siku mbili, mwaga. Nilikuwa mkali. Kuna watu mpaka leo wakiniona wanaficha dumu. Kwa hiyo nilipopata kazi kwa dokta wa meno kule Ruti, Mbarara, nilijua sabuni na deki vitanitosha.

Hakuna aliyenionya kwamba kuna bahari. Ilikuwa kwenye chumba cha kungojea wagonjwa, ndani ya sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto: taa ya buluu juu, samaki wawili, konokono, na mawe. Nilimsifu dokta kwa mawe yake. Akacheka, akanivuta karibu, akadondosha chembe ya chakula juu ya moja la kijani lililoweza kuenea kiganjani. Jiwe likafungua midomo. Haki ya Mungu, midomo mingi, kila mmoja na vidole vyake, na ile chembe ikazama. Akaniambia hilo ni tumbawe, wala si jiwe wala ua, ni mnyama. Nilikaa chini. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika na siku zote nilidhani mambo ya maji nayajua.

Kisha ukaja ute. Ulikuwa wa kahawia, wa nyuzinyuzi, na kila uzi umebeba vipovu vya hewa. Ulianza kwenye mchanga, ukapanda mawe, ukafunika matumbawe. Asubuhi nikifika naukuta karibu umekwisha, mchanga mweupe, nasema moyoni leo nimeshinda. Saa sita mchana umerudi wote. Konokono walioula walianguka chali, wakafa. Likafa tumbawe moja, la pili, la tatu, mpaka likabaki lile la kijani peke yake, nalo lilikuwa limejifunga siku nyingi.

Maji ya humo si ya bomba hivi hivi. Yanachujwa, yanachanganywa na chumvi yake maalum. Dokta aliniagiza nibadilishe ndoo moja kila baada ya wiki mbili, basi. Mimi nikaona huo ni uvivu wa watu wenye pesa. Maji yaliyolala, mwaga! Chumvi ilikuwa stoo na ufunguo nilikuwa nao, kwa hiyo nikawa nabadilisha ndoo kila asubuhi kabla hajafika, kimyakimya. Kadiri nilivyomwaga ndivyo ute ulivyonenepa, na kadiri ulivyonenepa ndivyo nilivyomwaga.

Ijumaa moja dokta akasema kile kioo kimemshinda. Jumatatu tutamwaga kila kitu, kioo kiuzwe. Nilirudi nyumbani Nakivale. Hata kanisani niliimba huku nawaza lile tumbawe, kwamba litatupwa jalalani likiwa hai.

Jumatatu nilimkuta amesoma kitu kwenye simu. Alinieleza kwamba uchafu wa kahawia uko wa namna nyingi, na kila namna ina dawa yake. Kutibu bila kujua ni kung'oa jino lisilouma. Akavuta ute kwa bomba la sindano, akautia kwenye chupa, akaitikisa mpaka maji yakawa rangi ya chai, akayachuja kwa karatasi laini mpaka kwenye glasi. Yaliyopita yalikuwa karibu maji matupu. Akaiweka ile glasi dirishani, kwenye jua, akaniambia niitazame. Yakibaki hivyo, ni uchafu wa kawaida unaoisha wenyewe. Akaingia kwa wagonjwa.

Nilitazama. Robo saa, hakuna kitu. Nusu saa, nikaona uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele. Halafu wa pili ukaujia. Nilisahau deki, nilisahau hata kusalimia waliokuwa wanaingia. Vitu vile vilikuwa vimetikiswa, vimepondwa, vimepitishwa kwenye karatasi, havina macho wala miguu, na vilikuwa vinatafutana. Kabla saa haijaisha vilikuwa vimeshikana tena, na kipovu juu. Mwili ulinisisimka. Alikuwa adui yangu, na nilitaka kumpigia makofi.

Dokta alipotoka akaitazama glasi, akautaja ute kwa jina refu la Kizungu ambalo lilinipita. Akasema namna hii hupenda maji yaliyotakata kupita kiasi: viumbe vingine vidogo hukosa chakula, hivi vikapata fasi. Halafu akakunja uso. Kwa ndoo moja kila wiki mbili, maji yametakataje hivyo? Hata yeye haelewi. Afadhali tumwage tu.

Nikinyamaza, tumbawe limekwisha. Nikisema, huenda kazi imekwisha.

"Dokta, ni miye," nikasema. "Maji ninabadilisha kila asubuhi, tangu huu ute uanze."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama, hata mimi," akasema. "Chakula ya samaki nilipunguza. Nilifikiri njaa itaua hii kitu."

Ndoo zikafungiwa stoo. Samaki wakalishwa wakashiba. Nyuzi tulizinyonya kwa mpira, tukazima taa, tukafunika kioo kwa blanketi siku tatu. Wiki nyingi sikugusa maji, na mikono iliniwasha, nawaambia. Kioo kikaota ukungu wa kijani. Dokta akanikataza kuufuta, maana huo ndio unaogombania nafasi na ute. Nikakaa karibu na uchafu, nikauheshimu.

Siku moja saa sita ikafika, ikapita, mchanga ukabaki mweupe. Nikadondosha chembe juu ya tumbawe la kijani. Hakuna kitu. Nikadondosha nyingine, nikangoja. Mdomo mmoja ukafunguka.

Nilipiga kelele, sijui kwa lugha gani. Dokta akatoka mbio na glavu zake, mgonjwa nyuma yake na pamba shavuni, sote watatu tukainama mbele ya kioo. Ukafunguka mdomo wa pili, na wa tatu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Mgonjwa alitaka kuuliza ni nini, lakini mdomo wake ulikuwa umekufa ganzi, na dokta akamwambia angoje kwanza, tumbawe linakula.