Njia ya Kukwepa Rasta

Asubuhi ile pale Kalangalala nilikuwa nyuma ya bodaboda, jua la upole mgongoni, nusu niko macho, nusu ninaota. Mbele yetu yakatokea yale matuta membamba ya lami tunayoyaita rasta. Dereva akachepukia pembeni, wanakopita watu kwa miguu.

"Nakionea huruma kiuno chako, bibi."

Hapohapo mama mmoja aliyejitwika beseni la nyanya akarukia mtaroni kutukwepa. Nyanya zikabingirika taratibu kwenye lami, nyekundu, nami nikadhani bado ninaota. Yule mama akainuka na vumbi lake, akanipigia goti kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ndipo akamgeukia dereva: "Na wewe! Barabara yote hiyo huioni, mpaka uniue mimi?"

Tukaokota nyanya sote watatu. Kisha nikamwambia dereva arudi nyuma, apite juu ya rasta.

"Zitakutikisa, bibi."

"Zimewekwa zitutikise sisi tuliopanda. Rudi."

Tukapita. Meno yangu machache yakagongana, ndoto ikaniisha. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amerudi kusimama mtaroni na beseni lake kichwani, anahakikisha kweli tumepita juu ya rasta.