Mayai ya Mzee Verlyn

Sisi watu wa Nebraska hatujui kusema hapana. Ukimwomba mtu kitu asichonacho, ataitikia, kisha ateseke nacho kimyakimya. Ugonjwa huo ndio uliomponza Doreen Haskamp. Mimi ni mpishi wa shule, nilikuwepo, niliona yote.

Doreen alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Kila masika mzee Verlyn, mfugaji wa hapo mjini, alimletea mayai kumi na mawili ya kuku wake, yanawekwa kwenye mashine ya kuangulia nyuma ya darasa, na watoto wanayageuza kwa zamu mara tatu kwa siku. Siku ya ishirini na moja, vifaranga. Mwaka ule shule ilikuwa inafungwa, wamebaki watoto saba tu. Alichotaka Doreen ni kimoja: hao saba nao waone kifaranga akitoka.

Siku ya saba alileta mayai jikoni kwangu, tukazima taa, akayamulika kwa tochi. Hamna mshipa wa damu hata mmoja, maana yake hamna kifaranga ndani. Ndipo nikakumbuka kwamba jogoo wa Verlyn aliliwa na mbweha wakati wa baridi, mwezi uleule alipomzika mkewe. Mzee hakuwa na uso wa kumwambia mwalimu.

Nikamwambia awaeleze watoto, kisha akanunue vifaranga dukani, yaishe. Akakataa. Alisema watoto wataipeleka habari nyumbani, na mji wenyewe una watu tisini, mzee wa watu atachekwa hadi kaburini. Basi, funika kombe mwanaharamu apite. Nilimkasirikia, sifichi. Watoto wale waliendelea kugeuza mayai viza na kuyapa majina.

Siku ya ishirini na moja Verlyn akaja, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu. Doreen akampa kahawa. Saa nane mchana mwalimu akasema labda kesho. Verlyn akaitikia, labda kesho. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia.

Siku ya ishirini na nne, Verlyn akiwa kwenye kiti kilekile, Maren, mtoto wa miaka sita, akasimama mbele ya mashine analia.

"Mwalimu, ni mimi," akasema. "Ile Jumanne ilikuwa zamu yangu, nikasahau kuyageuza. Nimewaua."

Doreen akafungua mdomo. Akamtazama Verlyn. Verlyn akaitazama kofia yake.

"Hapana, mwanangu," Doreen akasema. "Mara nyingine hutokea tu."

"Lakini nilisahau."

Wazee wale wawili hawakusema neno. Nami nilikuwa mlangoni na sinia la biskuti, ninajua kila kitu, nikanyamaza vilevile. Mwezi wa tano shule ikafungwa, na Maren akahamia shule ya mji mwingine akiamini ni yeye aliyewaua.