Orodha ya Kusoma ya Marehemu

Mwenzangu wa kazi alifariki asubuhi ya Jumatano na akazikwa Mbale siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri. Habari zilinikuta Jinja, chumbani kwangu Nalufenya, na nilipofika kituoni kutafuta basi, niliambiwa kwa simu kwamba watu wameshatawanyika makaburini. Nikarudi nyumbani. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Tulikuwa watatu tu, katika kampuni ndogo inayonunua hisa kwa niaba ya wafanyabiashara. Bosi alikaa Kampala, mimi Nalufenya, na marehemu alipanga nyumba Mpumudde, mtaa mwingine wa Jinja, mpaka alipozidiwa akarudi kwa mama yake. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kampuni ambazo hisa zake zinauzwa chini ya thamani yake, na kazi hiyo, ukiitazama vizuri, ni kusoma tu. Watu hudhani tunashinda tukitazama bei zikipanda na kushuka. Tunasoma ripoti za mwaka, hukumu za mahakama na matangazo ya masoko ya hisa mpaka macho yanawasha.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nimetoka upande wa Kenya, sina mtu ninayemjua Jinja, na siku ya kwanza nilichukua boda mpaka kwake. Aliniketisha barazani, akafungua kompyuta yake ya mkononi, akanionyesha orodha. Ilikuwa faili ya mtandaoni ambayo sote watatu tuliweza kuifungua. Humo alikuwa amekusanya kurasa zote alizoona mtu wa kazi yetu anapaswa kuzisoma: barua ambazo wenyeviti wa makampuni huwaandikia wenye hisa kila mwaka, makala za wahasibu wastaafu, blogu ya mzee mmoja asiyeandika habari za kampuni yoyote ila zilizokufa. Chini ya kila ukurasa aliweka maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho tulichozungumza sisi wawili. Kwenye ripoti za mwaka aliandika, "Anza nyuma. Mbele wameweka picha." Kwenye blogu ya yule mzee, "Isome ukiwa umeshiba."

"Unasoma haraka mno," aliniambia siku ile. "Rudia."

Faili ile ilikuwa na tabia yake. Mtu akiifungua, juu ya ukurasa hutokea kiduara chenye herufi ya kwanza ya jina lake, na pale anaposoma husimama kijistari cha rangi yake. Changu kilikuwa cha zambarau, chake cha kijani.

Wiki moja baada ya mazishi niliamka kwa adhana ya alfajiri, kama kawaida yangu, nikachemsha chai, nikafungua orodha. Kiduara cha kijani kilikuwa juu ya ukurasa.

Nilikitazama. Nikadhani ni mtandao umekwama na picha ya zamani. Halafu kile kijistari cha kijani kikaanza kushuka, polepole, kikiruka ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka kikafika katikati ya orodha na kusimama. Kikakaa pale, kikiwaka na kuzimika. Chai yangu ilipoa. Nje korongo wakubwa walikuwa wakitembea juu ya mabati, na kila kucha iliyokwaruza ilinishtua. Baada ya muda kiduara kikatoweka.

Kesho yake kilirudi saa ile ile. Na siku iliyofuata. Kila mara kilishuka bila haraka, kikasimama mahali pale pale.

Sikumwambia bosi. Ningeanzia wapi? Lakini siku ya nne niliacha kukitazama tu, nikasoma pale kilipokuwa kimesimama. Ilikuwa makala ya mhasibu mmoja kuhusu bidhaa zinazolala ghalani: kwamba mali ikiongezeka ghalani huku mauzo yamesimama, jiulize kama inauzika kweli. Chini yake marehemu alikuwa ameandika, "Mama alinifundisha hili dukani. Gunia likikaa sana mlangoni, uliza."

Wakati huo nilikuwa nimeandika pendekezo la kununua hisa za kampuni moja ya mafuta ya kupikia. Zilikuwa rahisi, na nilikuwa nimejivunia kuzigundua. Nilifungua tena ripoti zao, safari hii nikaanzia nyuma. Mali ya ghalani ilikuwa imeongezeka miaka mitatu mfululizo. Mauzo hayakusogea. Nilikuwa nimeipita mistari ile mara mbili.

Nilimwandikia bosi kwamba naliondoa pendekezo. Aliuliza nini kimenifanya nibadili mawazo, nikajibu kwamba nimesoma upya. Hisa zile zilipanda kidogo baadaye, zikatulia, na mpaka sasa sijui kama tulikwepa shimo au tuliacha mali. Nilichojua ni kwamba kila alfajiri kuna aliyekuwa akisoma nami, na nilikuwa nimeanza kuvaa vizuri kabla ya kufungua kompyuta.

Mwisho wa mwezi bosi alipiga simu. Kompyuta aliyokuwa akiitumia marehemu ilikuwa mali ya kampuni. Ningeweza kwenda Mbale kuichukua?

Nyumba ya kwao Mbale ilikuwa nyuma ya maduka ya jumla, karibu na msikiti, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu. Mama yake alitoka mwenyewe kunipokea, mwanamke mrefu, mkavu, amejitanda shuka nyeupe. Nilimsalimu, nikampa pole, nikamwambia mimi ni nani.

"Wewe ndiyo ule Mkenya," alisema. "Hukuja kuzika."

"Sikuja, Mama. Nilichelewa. Nisamehe."

Alinitazama, kisha akanishika mkono. "Ingia. Chai iko."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, imeunganishwa na umeme. "Mama," nikasema, "kuna mtu anayeitumia?"

"Mimi."

"Unaitumia kufanya nini?"

"Siwezi kuacha ilale. Yeye alikuwa anafunguaga kila siku akimaliza kusali. Alinionyesha pahali pa kufinya, alipokuwa mgonjwa, mkono yake imeshindwa. Sasa mimi nikimaliza kusali nafungua. Nashusha, nashusha. Halafu nafunga."

Nilitaka kucheka na kulia. "Lakini unasimama mahali pamoja kila siku. Kwa nini pale?"

Alifungua kompyuta mbele yangu. Kidole chake kilishuka taratibu, kama nilivyokuwa nimekiona kijistari kikishuka asubuhi zote zile, mpaka katikati ya orodha. Akagusa kioo kwa ukucha.

"Mimi nasoma herufi za Kurani. Hizi zingine sijui. Lakini hii najua, alinifundisha kitambo kwa kadi ya sikukuu." Ukucha ulikuwa juu ya neno Mama. "Sijui anasema nini juu yangu. Niliogopa kuuliza watu. Labda ni siri ya kazi."

Nikamsomea. Kwanza maneno ya mwanawe, kisha, kwa kuwa aliniomba, makala yote, nikiifasiri kwa Kiswahili jinsi nilivyoweza. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Amekosea. Sikumwambia mlangoni. Ya mlangoni kila mtu anaona, hiyo utauza. Nilimwambia nyuma. Gunia ya nyuma, ile watu wanakaliaga." Akanisogezea kompyuta. "Ungeweza kumwandikia hivyo?"

Nikaandika. Kwenye kioo kile, kwa kijistari chake cha kijani, nilisahihisha neno lile, naye akiniangalia kwa makini kana kwamba kuna mtu wa tatu anayepaswa kuridhika.

Sikuichukua kompyuta. Nilimpigia bosi pale pale nikamwambia ni ya zamani na familia inaihitaji. Alikubali, ila akasema jina la marehemu lazima liondolewe kwenye mafaili ya kampuni wiki hiyo. Nilipomweleza mama hivyo, na kwamba orodha haitafunguka tena kwake, alizima umeme ukutani, akaifunga kompyuta, akaiweka sandukuni chini ya nguo za mwanawe. Alisema afadhali aizime yeye kuliko kuzimiwa.

Nilikaa kituoni zaidi ya saa moja nikisubiri basi lijae. Nikafungua orodha kwenye simu ili nilisome tena lile neno. Kiduara cha kijani kilikuwepo juu. Kijistari kilikuwa kimesimama mwishoni mwa neno nililosahihisha.

Mtandao huchelewa, najua. Nikampigia. "Mama, umeifungua tena?"

"Hapana. Nimekalia sanduku. Kwani?"

Kabla sijamjibu, kijistari kilishuka mstari mmoja. Kikakaa. Halafu kiduara kikaondoka.

"Hakuna kitu, Mama," nikasema. "Nilitaka tu kujua kama umeshakula."

Ijumaa bosi aliliondoa jina. Sijawahi kumuuliza fundi yeyote wa kompyuta, ingawa Jinja wapo, na nadhani angenieleza kwa dakika mbili. Jumamosi niliamka kwa adhana, nikachemsha chai, nikafungua orodha, na kilichokuwa pale juu ni kiduara changu tu cha zambarau. Nilijaribu kusoma, nikashindwa. Siku zote zile kilipokuwepo nilikuwa nikiogopa, lakini asubuhi ile ndiyo niliyoshindwa kukaa chumbani. Nilitoka nikasimama barabarani mpaka kukapambazuka na maduka yakaanza kufunguliwa.

Tangu hapo nasoma mchana, na mlango nauacha wazi.