Mashine Tatu na Goti la Mama

Saa nne asubuhi. Katika chumba chembamba nyuma ya maabara ya hospitali, fundi kompyuta ameshika waya wa umeme wa mashine ya kati. Hajauvuta. Kiyoyozi kinanguruma, lakini jasho linamtiririka.

Mashine ni tatu, zote zinaendeshwa na mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Kila picha ya eksirei huhifadhiwa katika zote. Moja ikifa, mbili zilizobaki hukubaliana kipi kimehifadhiwa, na kazi huendelea.

Ndivyo inavyotakiwa. Wiki iliyopita, kwenye jaribio mbele ya mganga mkuu, zilizimika zote kwa mpigo.

"Nilihangaika na programu siku arobaini," anasema fundi kompyuta, "kumbe zote nimezichomeka kwenye ekstensheni moja."

Fundi umeme, mzee mwenye ulimi mkali, hajamwachia. "Binti, umeajiri walinzi watatu, ukawalaza kitanda kimoja!" Ndiye aliyemvutia laini tatu mpya za umeme, kila mashine na yake.

Leo ni nafasi ya mwisho. Ikishindikana, picha zinarudi kwenye filamu na makabati.

Miaka miwili iliyopita hospitali ilitegemea diski moja. Ilikufa na picha elfu kumi na moja, ya goti la mama wa fundi kompyuta ikiwemo. Foleni ya kupigwa upya ilichukua miezi mitano; upasuaji ukachelewa. Mpaka leo mama anachechemea.

"Ukiharibu tena, usije kula kwangu," mama alimwambia alfajiri, nusu utani.

"Vuta basi," anasema mganga mkuu, aliyesimama mlangoni.

Anavuta. Taa za mashine ya kati zinazimika. Kwenye skrini, picha mpya ya goti la mama inaganda. Sekunde tano. Kumi.

"Pumua, mwanangu," mzee wa umeme ananong'ona nyuma yake.

Sekunde ya kumi na nne, picha inafunguka yote.

Mganga mkuu anasogea karibu. Anaunyoshea mkono waya wa pili.

"Huo usiuguse!" fundi kompyuta anafoka, kisha anashusha sauti. "Samahani, daktari. Ikibaki moja inagoma kupokea picha, haina nyingine ya kukubaliana nayo."

"Unahitaji ngapi?"

"Tano. Mbili ziwe jengo la pili. Hapo hata zikifa mbili, hakuna mgonjwa atakayejua."

"Niandikie barua leo."

Fundi kompyuta anaurudisha waya. Mashine ya kati inaamka, inaanza kunakili yaliyoipita. Simu yake inaita.

"Goti langu lipo?" mama anauliza.

"Lipo, mama. Mara tatu."

"Haya, njoo ule."